KEMRI ya Kilifi ni ya nani hasa, na mwananchi anapata nini?

Ukiuliza watu Kilifi ile hospitali kubwa ya mjini ni ya nani utaambiwa ya kaunti, hapo hakuna ubishi. Ukiuliza yale majengo ya jirani utaambiwa ya KEMRI. Sasa endelea kuuliza KEMRI yenyewe ni ya nani, hapo ndo majibu yanaanza kwenda kila upande, mmoja atakwambia serikali, mwingine wazungu wa Uingereza, mwingine atasema NGO, na kwa miaka mingi walikuwepo pia waliosema hao ni wanyonya damu. Mtu akichanganyikiwa mimi simlaumu hata kidogo, kwa sababu pale kuna mashirika matatu ya aina tofauti kabisa yaliyoshikana, kila moja na hela zake, wakubwa wake na sababu zake za kuwepo, na usipoyatenganisha huwezi kujua nani anakuhudumia wala umuulize nani mambo yakienda kombo.

Tuanze na KEMRI. Hii ni taasisi ya serikali ya Kenya ya utafiti wa matibabu, iliundwa kwa sheria mwaka 1979, na ina vituo sehemu kadhaa za nchi, Kilifi ni kimoja tu. Kazi yake si kuendesha hospitali, kazi yake ni kutafuta majibu: ugonjwa huu unaua kina nani, dawa hii inafanya kazi au haifanyi. Wa pili ni Chuo Kikuu cha Oxford, ambao wameleta wanasayansi, usimamizi wa masomo ya uzamili na uzamivu, na mlango wa kuingia kwenye sayansi ya dunia. Wa tatu ni Wellcome, wakfu wa London unaolipia utafiti wa afya, na huyu ndo mwenye sehemu kubwa ya pesa. Hawa watatu walianza rasmi kufanya kazi pamoja Kilifi mwaka 1989, na ushirikiano wao huo ndo nitauita mradi, mkurugenzi wa kwanza akawa Kevin Marsh, daktari aliyetokea Oxford.

Wellcome watu wengi hawamjui kwa hiyo nimweleze kidogo. Henry Wellcome alikuwa Mmarekani, kazaliwa Wisconsin mwaka 1853, akahamia London akatajirika kwa biashara ya dawa. Alipofariki mwaka 1936 wosia wake ukaacha kampuni mikononi mwa wadhamini na sharti kwamba mapato yaende kwenye utafiti wa afya. Kampuni yenyewe baadaye iliuzwa, mwaka 1995 ikamezwa na Glaxo, kampuni nyingine ya dawa, lakini hela zilibaki zikawekezwa na faida yake ndo inayolipa watafiti mpaka leo. Mtu wa Mombasa au Lamu hana haja ya kuelezwa sana hapa maana nyumba za wakfu anazijua, mwenye mali kaondoka zamani lakini kodi inaendelea kutengeneza msikiti na kulipa walimu wa madrasa. Tofauti ni kwamba mutawali wa wakfu wa mtaani unaweza kumfuata nyumbani kwake ukamuuliza hesabu, wadhamini wa Wellcome wako London. Hiyo tofauti tutairudia.

Sasa tuingie kwenye lile swali la damu maana ndo swali la msingi, na nadhani lilistahili kujibiwa vizuri tangu siku ya kwanza badala ya watu kuchekwa kwamba ni washamba. Mtoto akilazwa wodi ya watoto pale Kilifi anatolewa damu. Kwa nini? Tangu mwaka 1998 utaratibu umekuwa kwamba karibu kila mtoto anayelazwa damu yake kidogo inawekwa kwenye chupa maalumu yenye lishe ya vijidudu, kama kuna bakteria ndani yake watakua, na baada ya siku moja au mbili maabara inajua mtoto ana bakteria gani na dawa gani itawaua hao bakteria. Jibu linarudi wodini kwa daktari anayemtibu mtoto yuleyule. Hospitali nyingi za wilaya Afrika hazina uwezo huo kabisa, mtoto anapewa dawa kwa kukisia. Kwa hiyo faida ya kwanza ya ile damu ni ya huyo mtoto mwenyewe, hapo hapo kitandani.

Faida ya pili ndo inayochelewa na ndo watu hawaioni. Yale majibu ya maabara yakikusanywa mwaka hadi mwaka yanaanza kusema kitu. Mwaka 2005 watafiti wa Kilifi walichapisha matokeo ya watoto waliolazwa kati ya 1998 na 2002, yakaonyesha kwamba karibu robo ya watoto waliofia hospitalini walikuwa na bakteria kwenye damu. Robo! Na wakati ule kila homa ilikuwa inaitwa malaria. Wawili kati ya bakteria waliojitokeza sana, yaani nimokokasi anayeleta nimonia na yule anayeitwa Hib anayeleta nimonia na homa ya uti wa mgongo, ni wale ambao watoto wa nchi tajiri walikuwa na chanjo yake tayari au wanaanza kuipata.

Kenya ilianza kutoa chanjo ya Hib Novemba 2001. Sasa swali, utajuaje kama imefanya kazi? Wizara inaweza kukwambia imechanja watoto wangapi lakini haiwezi kukwambia wangapi hawakuugua kwa sababu yake. Kilifi waliweza, kwa sababu walikuwa na zile rekodi za damu za kabla na baada, na walikuwa wanajua idadi ya watoto walioko vijijini. Ndani ya miaka 3 ugonjwa mkali wa Hib kwa watoto wa chini ya miaka 5 ulishuka kwa asilimia 88. Mwaka 2011 ikaja chanjo ya nimokokasi, wakahesabu tena kwa njia hiyohiyo, na zile aina za nimokokasi zilizomo kwenye chanjo zikapungua kwa asilimia 92 kwa watoto wa umri huo. Chanjo hizi ni ghali na zinaingia nchini kwa msaada wa Gavi, shirika la kimataifa la kufadhili chanjo, na nchi ikitakiwa kuanza kulipa sehemu yake mwenyewe waziri wa fedha anataka ushahidi kwamba hela haipotei, na ushahidi mkubwa umetoka kwenye zile chupa za damu za wodi moja ya Kilifi. Kwa hiyo mama aliyeuliza mnapeleka wapi damu ya mwanangu aliuliza swali sahihi kabisa, na jibu lake ni zuri, tatizo ni kwamba kwa muda mrefu hakuna aliyekaa naye chini akamweleza.

Nimesema walikuwa wanajua idadi ya watoto vijijini, hilo nalo si dogo. Tangu mwaka 2000 kuna eneo la kilomita za mraba 891 kuzunguka hospitali, lina wakazi zaidi ya robo milioni, ambalo wafanyakazi wa mradi wanazunguka boma kwa boma kuandika nani kazaliwa, nani kafariki, nani kahama, nani kahamia. Walipanga kupita mara tatu kwa mwaka. Kuna watu wanachoka nao, kila baada ya miezi kadhaa kijana kagonga hodi na maswali yaleyale, na wanauliza mbona haleti hata unga. Lakini bila hiyo orodha ukiona watoto 50 wamelazwa na nimonia huwezi kujua ni 50 kati ya wangapi, na huwezi kujua wangapi wamefia nyumbani bila kufika hospitali. Ile kazi ya kuchosha ndo inayogeuza rekodi za wodi kuwa maarifa.

Mfano ambao mimi naona kila mtu wa Pwani angepaswa kuujua ni wa neti. Leo neti yenye dawa ni kitu cha kawaida hata tunaifungia kuku, lakini mwanzoni mwa miaka ya 90 hakuna aliyejua kwa uhakika kama itaokoa maisha ya mtoto mahali penye mbu wengi. Kilifi ilikuwa moja ya sehemu chache Afrika zilizofanya jaribio kubwa, pamoja na Gambia, Ghana na Burkina Faso. Maeneo yaligawanywa kwa kura, nusu yakapata neti mwaka 1993, nusu yakasubiri. Matokeo yalipotoka mwaka 1996 vifo vya watoto wa mwezi 1 mpaka miezi 59 vilikuwa vimepungua kwa asilimia 33 kwenye maeneo yenye neti, na watoto waliolazwa kwa malaria kali wamepungua kwa asilimia 44. Vifo vya kila sababu hivyo, si vya malaria peke yake. Theluthi moja ya vifo, kwa kitambaa kilichochovywa dawa.

Ungedhani baada ya hapo neti ziligawiwa mwaka uliofuata. Wapi. Miaka ikapita watu wakibishana kwenye mikutano ya kimataifa: wengine wanasema neti ziuzwe kwa bei nafuu madukani, kitu cha bure mtu hakithamini, wengine wanasema zigawiwe bure. Na huku Kenya mwaka 2004 neti zilikuwa zinauzwa. Kikundi kingine cha mradi huuhuu, kilichokuwa Nairobi na watu kama Bob Snow na Abdisalan Noor, kikawa kinafuatilia wilaya nne, mojawapo Kwale, kuhesabu mtoto gani kalala chini ya neti na kwao wana uwezo gani. Mwaka 2004 waliolala chini ya neti yenye dawa walikuwa kama asilimia 7 tu. Zikaanza kuuzwa kliniki kwa shilingi 50 kwa akina mama na watoto, mwaka 2005 ikafika asilimia 23 na kidogo. Alafu mwaka 2006 serikali ikagawa neti milioni 3.4 bure pamoja na kampeni ya chanjo ya surua, asilimia ikaruka mpaka 67. Na muhimu zaidi, pale zilipokuwa zinauzwa wenye uwezo ndo waliozipata, zilipotolewa bure watoto wa maskini wakafikia wenzao. Agosti 2007 Shirika la Afya Duniani likatoa msimamo mpya kwamba neti zigawiwe bure au kwa ruzuku kubwa kwa kila mtu aliye hatarini, na takwimu za Kenya zikatajwa kama ushahidi.

Hebu angalia kazi ilivogawanyika pale. Wakfu ulilipa watafiti, kwa miaka mingi, bila kudai matokeo ya kesho. Chuo na taasisi wakaleta elimu ya kupima na kuhesabu. Lakini neti zenyewe hazikutoka kwa yeyote kati yao, serikali ndo iliyogawa kwa hela za mfuko wa dunia wa Ukimwi, kifua kikuu na malaria, na manesi wa kliniki za umma ndo waliozibeba. Mtu akikwambia utafiti umeokoa watoto ni kweli, akikwambia serikali imeokoa watoto ni kweli vilevile, bila mmoja mwingine asingefika popote. Na kama miaka 10 ilipita katikati, hiyo ndo sehemu inayouma, maana watoto walifariki wakati jibu lipo mezani.

Kuna jaribio jingine ambalo lilienda kinyume na matarajio ya wote. Mtoto akifika hospitali kaishiwa nguvu, mikono ya baridi, damu haizunguki vizuri, madaktari duniani kote walifundishwa kumwekea maji mengi ya dripu haraka haraka. Profesa Kathryn Maitland akiwa Kilifi aliongoza jaribio la kuangalia kama hilo ni sahihi kwa hospitali zetu, watoto 3,141 wa Uganda, Kenya na Tanzania, upande wa Tanzania ilikuwa hospitali ya Teule kule Muheza. Ilibidi jaribio lisimamishwe mapema mwaka 2011. Waliowekewa maji ya haraka walifariki karibu asilimia 10.5 ndani ya saa 48, ambao hawakuwekewa walikuwa asilimia 7.3. Yaani lile tuliloamini linaokoa lilikuwa linaongeza vifo. Mwongozo huo ulitoka kwenye hospitali zenye mashine za kupumulia na uangalizi wa karibu, ukaletwa huku bila kupimwa huku. Ukitaka kujua kwa nini chuo kikuu kinahitajika kwenye wodi ya wilaya ya Afrika, hiyo hapo sababu, kuna mambo vitabu vya mbali vinakosea na hakuna atakayejua mpaka mtu ayapime hapahapa.

Na jaribio hilohilo linatuleta kwenye jambo gumu, idhini. Mama kafika na mtoto anakata roho, utamsomea kurasa nne za karatasi saa ngapi? Walikubaliana na kamati za maadili kwamba mzazi aelezwe kwa ufupi kwa mdomo kwanza, mtoto ahudumiwe, alafu akitulia mzazi aelezwe kila kitu na atie sahihi au akatae. Ni njia ya kiutu kwa dharura. Lakini hata pasipo dharura mambo hayakuwa mepesi. Watafiti wa jamii wa hapohapo Kilifi, Sassy Molyneux na wenzake, walienda kuwauliza wazazi walichoelewa na wakakuta wengi hawatofautishi utafiti na matibabu, wanajua tu wamepelekwa kwa madaktari wazuri na wakikataa wanaogopa mtoto hatahudumiwa. Mimi nawaheshimu kwa kuchapisha hilo, kwa sababu wangeweza kunyamaza. Mradi ukabadilika: kuanzia katikati ya miaka ya 2000 kukawa na kitengo cha kuhusiana na jamii, na wawakilishi karibu 200 wanaochaguliwa na wakazi wenyewe vijijini, ambao wanakutana na watafiti, wanaulizwa maoni kabla utafiti haujaanza, na wanabeba maswali ya watu. Kuna pia mpango wa shule ambapo wanafunzi wanakuja kuona maabara na kuzungumza na wanasayansi. Watoto wa Kigiriama walioanza kwa kuingia pale kama wanafunzi, baadhi yao leo wanaweza kusoma Chuo Kikuu cha Pwani palepale mjini, chuo kamili tangu 2013, na kuajiriwa kwenye maabara hiyohiyo.

Kwa hiyo ukiletewa karatasi ya kutia sahihi, uliza. Uliza hii ni tiba ya mwanangu au ni utafiti, nikikataa atatibiwa vilevile? Jibu la lazima ni ndiyo, atatibiwa, na anayesita kukujibu hivo ana makosa. Uliza naweza kujitoa katikati, nani amepitisha, matokeo yakitoka nitaambiwa na nani. Utafiti wowote halali Kenya una kibali cha kamati ya maadili na jina na simu ya kupiga viko kwenye ile karatasi unayobaki nayo, itunze.

Nilisema tutarudi kwenye hela. Januari 2025 serikali ya Marekani iliposimamisha misaada ya nje, kliniki na miradi mingi ya afya Kenya ilitikisika ndani ya siku chache, watu wakaachishwa kazi. Kilifi inategemea zaidi wakfu wenye mali yake, ambao hautegemei uchaguzi wa mtu, na huo utulivu ndo uliowezesha kuhesabu watoto wale wale kwa zaidi ya miaka 20. Hiyo ni nguvu ya kweli. Lakini kisichotegemea kura yako pia hakilazimiki kukusikiliza. Vipaumbele vya utafiti vikibadilika London, mwananchi wa Ganze au Kaloleni hana bunge la kulalamikia. Dawa yake mimi naiona moja, Kenya nayo iweke hela yake mezani. Sheria ya sayansi ya mwaka 2013 inasema asilimia 2 ya pato la taifa iende kwenye utafiti, na mpaka leo hatujafika hata asilimia 1. Mwenye hela ndo anayechagua swali, na kuna maswali ya Pwani ambayo hayatachaguliwa na mtu mwingine yeyote kama sisi wenyewe hatuyalipii.

Na kaunti nayo isijifiche. Hospitali za kaunti zimekuwa chini ya kaunti tangu ugatuzi wa 2013. Mradi ukisaidia wodi ya watoto na kitengo cha wagonjwa mahututi, wodi ya wazazi na ya watu wazima bado ni jukumu la kaunti, na si haki mgonjwa wa nyonga avunjike moyo akiona upande mmoja una vifaa na upande wa pili hakuna hata glavu. Msaada wa mtafiti usiwe kisingizio cha bajeti ndogo.

Limebaki moja ambalo watu wanaliuliza sana, chanjo ya malaria. Watoto wa Kilifi walishiriki majaribio ya RTS,S, chanjo ya kwanza ya malaria, sambamba na Bagamoyo na Korogwe upande wa Tanzania, na baadaye Kilifi na Bagamoyo zikashiriki jaribio kubwa la R21, chanjo iliyobuniwa Oxford ambayo Shirika la Afya Duniani liliipitisha Oktoba 2023. Lakini Kenya ilipoanza kutoa RTS,S mwaka 2019 ilianzia kaunti nane za magharibi. Mzazi wa Kilifi akawa anauliza mbona mwanangu alichomwa wakati wa kujaribu na mdogo wake hapati? Sababu ya kitaalamu ipo, malaria kanda ya ziwa ni kali kuliko Pwani na dozi zilikuwa chache, na kama zimetoshea wachache basi ziende panapoua zaidi, mimi nakubaliana nayo. Nisichokubali ni mzazi huyo kuisikia sababu hiyo redioni, miaka baada ya kutia sahihi. Hilo lingewekwa kwenye karatasi ya idhini tangu mwanzo, kwamba chanjo ikifaulu serikali ndo itakayoamua ianzie wapi na inaweza isiwe hapa, na wapo wawakilishi 200 vijijini ambao wangeweza kulisema kwa Kigiriama kabla mtoto wa kwanza hajachomwa sindano.